Uaminifu wa Kitaaluma Sekondari: Maswali Ambayo Walimu na Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na mwalimu wa sekondari Tanzania kwa ajili ya walimu wenzake na wazazi. Mengi yanahusu darasa la kawaida, lile lenye wanafunzi zaidi ya sitini, vitabu vichache na ubao mmoja. Mifano ya Kenya imeingizwa pale ambapo tuna la kujifunza kwa majirani.

Uaminifu wa kitaaluma ni nini kwa mwanafunzi wa kidato?

Kazi aliyoandikia jina lake iwe ameifanya yeye. Alichokipata kwa mwingine, aseme amekipata kwa nani. Alichokiona maabara au alichosimuliwa kijijini, akiandike kama kilivyo. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne anaelewa hayo bila shida. Tatizo ni kwamba hatumfundishi kuyatenda, tunamkataza tu kinyume chake.

Si tatizo la mtihani wa Taifa tu? Kwa nini tuanze Kidato cha Kwanza?

Kwa sababu mtoto anafika chumba cha mtihani akiwa tayari na mazoea ya miaka minne. Tuangalie tunavyomlea. Amemaliza shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu anajaza ubao notisi, yeye anazihamishia kwenye daftari. Tunasahihisha daftari na kumpa vema kama notisi zimekamilika. Kwenye jaribio tunampa alama kamili akirudisha sentensi ileile ya ubaoni, na akijaribu kuisema kivingine akakosea sarufi, tunamkata alama. Amejifunza nini? Kwamba kusoma ni kunakili, na maneno salama ni maneno ya mtu mwingine.

Siku moja tunampa kazi mradi, tunamwambia kwa ukali kwamba kunakili ni wizi. Ana haki ya kushangaa. Mimi naamini sehemu kubwa ya kudesa kwa wanafunzi wetu haitoki kwenye ubaya wa moyo. Wengi hawajawahi kuonyeshwa namna ya kusema jambo la kitabuni kwa maneno yao, hasa kwa lugha ambayo bado hawajaimiliki. Ndiyo maana somo hili ni la kufundishwa darasani, kwa mifano na mazoezi, kama tunavyofundisha kuchora grafu. Tangazo la mstarini halitoshi.

Nitamfundishaje kuandika kwa maneno yake wakati Kiingereza chenyewe kinampa shida?

Mwache apitie Kiswahili. Mpe aya fupi, aisome mara mbili, kisha afunge kitabu. Amweleze jirani yake wa dawati kwa Kiswahili kile alichokielewa. Jirani amuulize swali moja. Ndipo aandike sentensi tatu kwa Kiingereza, kitabu kikiwa bado kimefungwa. Mwisho afungue alinganishe: je, nimeacha jambo la maana? Je, kuna mstari nimeurudisha neno kwa neno? Zoezi zima linaingia ndani ya kipindi kimoja, na likirudiwa kila wiki utaona tofauti kabla ya muhula kwisha.

Hapa kuna mfano wa Jiografia, nimeuweka kwa Kiswahili ili ueleweke. Tuseme notisi zinasema: «Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa lengo la kupambana na mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi la Kondoa.»

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: «Mnamo 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kama HADO, ulianza kwa dhumuni la kupigana na mmomonyoko wa ardhi.» Amebadilisha neno hapa na pale. Hiyo bado ni kazi ya aliyeandika notisi.

Wa pili anaandika: «Kwa mujibu wa notisi za mwalimu, Kondoa iliharibika kiasi kwamba miaka sita baada ya mradi wa HADO kuanza, mifugo ililazimika kuondolewa kabisa. Nadhani ng'ombe na mbuzi walikuwa wengi kuliko majani.» Huyu amepiga hesabu ya miaka mwenyewe, ameunganisha mambo mawili, ametaja chanzo, na amesema wazi wapi anatoa mawazo yake. Akikosea sarufi, msahihishe sarufi, lakini alama za hoja mpe zote. Alama hizo zitamwambia kuliko hotuba yoyote kwamba maneno yake yana thamani hapa.

Andika aya hizo mbili ubaoni na waulize darasa ipi ni ya mwenyewe. Ubishi utakaotokea ndio somo.

Je, wajifunze kuandika marejeo kama ya chuo kikuu?

Hapana. Kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili inatosha «nimesoma kwenye kitabu fulani, ukurasa fulani» au «nimeelezwa na bibi fulani wa kijiji fulani, tarehe fulani». Wa Kidato cha Tano na cha Sita waongeze mwandishi, mwaka na mchapishaji. Nukta na mikato ya marejeo watafundishwa chuoni.

Wala utamaduni huu si mgeni kwetu. Washairi wa pwani walikuwa na kawaida ya kutaja jina la mtunzi mwishoni mwa utenzi, na wengine walitaja tarehe na hata idadi ya beti, ili asitokee mtu akaongeza au kupunguza. Aliyesoma madrasa anajua kwamba hadithi ya Mtume hupokewa pamoja na mlolongo wa waliosimuliana, na mlolongo ukiwa na kasoro hadithi yenyewe hutiliwa shaka. Mwanafunzi akiambiwa hivyo anaona kwamba kutaja chanzo ni heshima ambayo wazee wake waliidai.

Fasihi simulizi ni mahali pazuri pa kuanzia. Tukiwatuma wakakusanye ngano au methali kwa wazee, wengi hutunga wenyewe usiku wa mwisho, au huchukua mtandaoni. Dai vitu vitatu kando ya kila ngano: jina la msimulizi, mahali, na neno moja alilolitumia msimulizi ambalo mwanafunzi hakulijua. Hilo la tatu ni gumu kulibuni, na mara nyingi ndilo linalomfanya mtoto arudi kwa bibi yake kumuuliza zaidi.

Asubuhi kabla ya mstarini madaftari yanazunguka, wanakopi kazi za nyumbani. Tuwachape?

Kanuni za Tanzania zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kenya iliondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001. Lakini hata ukiacha sheria pembeni, jiulize kwa nini daftari linazunguka. Mara nyingi ni kwa sababu asiye na kazi atachapwa na mwenye kazi ya kunakili hachapwi. Adhabu yenyewe inamfundisha mtoto kwamba kilicho muhimu ni daftari kujaa.

Punguza maswali. Toa mawili badala ya kumi, na asubuhi waite wanafunzi wachache, bila mpangilio wanaoujua, waeleze ubaoni walivyofika kwenye jibu. Aliyeshindwa kabisa usiku aruhusiwe kuandika «nimekwama hapa», na sentensi hiyo ipewe alama. Mwanafunzi anayerudi nyumbani kuchota maji na kupika, au anayesomea kibatari, anahitaji njia ya kusema ukweli isiyomgharimu.

Wanafunzi wetu husoma kwa vikundi vya mjadala. Mpaka uko wapi?

Vikundi vya mjadala ni moja ya nguvu za shule zetu, hasa za bweni, na nisingependa mtu avivunje kwa jina la uaminifu. Wajadili pamoja, wakokotoe pamoja, wabishane. Muda wa kuandika ukifika, kila mtu akae na karatasi yake bila kuangalizia ya mwenzake, na chini ya kazi aandike aliojadiliana nao. Kama hawezi kueleza alichoandika, basi hakukiandika yeye.

Pia waambie wazi kwamba aliyetoa daftari linakiliwe naye amehusika. Wengi hudhani wanamsaidia rafiki, na kukataa huonekana roho mbaya. Wafundishe maneno ya kukataa bila kuvunja urafiki: «Daftari sikupi, ila njoo tukae nikuelekeze.»

Maabara je? Kupika data nako ni udanganyifu?

Ndiyo, na kunaudhi zaidi kwa sababu sisi walimu huwa tunakuchochea. Chukua jaribio la pendulamu. Mwanafunzi anajua jibu «sahihi» la g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni karibu 9.8. Anafanya vipimo viwili, vingine anavihesabu kinyumenyume ili mteremko wa grafu ya T² (T ni muda wa kubembea mara moja) dhidi ya urefu uje karibu 4.0. Nukta zote zinakaa kwenye mstari kama zimepangwa kwa rula, na tunampa alama zote. Mwenzake aliyepima kweli amepata 10.9, anakatwa.

Ukimuuliza huyu wa pili alivyofanya, utagundua jambo zuri. Alianza kuhesabu «moja» palepale alipobonyeza saa, badala ya «sifuri». Alipofika ishirini, pendulamu ilikuwa imebembea mara kumi na tisa tu. Muda wake ukawa mfupi kwa asilimia 5, T² ikapungua kwa karibu asilimia 10, na g ikapanda hadi takriban 10.9. Kosa lake linaelezeka, linarekebishika, na limemfundisha kuhesabu. Kwenye data iliyopikwa hakuna cha kufundisha.

Vivyo hivyo kwenye Kemia: ukiona darasa zima limesoma ujazo uleule kwenye byureti hadi desimali ya pili, ujue namba imepita mezani. Gawa alama upya. Weka alama za kutosha kwa vipimo halisi, kwa kurudia kipimo, na kwa maelezo ya kwa nini jibu limekwenda mbali na lile linalojulikana. Na usiwatajie thamani yako mapema.

Akili mnemba imekuja. Tufanye nini?

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na tangu hapo hata mwanafunzi wa kutwa anayeazima simu ya mama yake anaweza kupata insha nzima kwa dakika moja. Wa bweni hupata likizoni. Kujifanya haipo hakusaidii.

Kwanza, usitegemee programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa chombo chake chenyewe cha utambuzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona kwamba vyombo vya aina hiyo vilizitaja zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza kuwa ni za mashine. Fikiria watoto wetu, ambao Kiingereza kwao mara nyingi ni lugha ya tatu, baada ya Kiha au Kisukuma na Kiswahili. Kumwita mtoto mwongo kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma.

Cha pili, rudisha uandishi darasani. Insha ya kupimwa iandikwe kwa mkono, mbele yako. Kazi ya nyumbani iwe ya kukusanya: bei za sokoni, historia ya jina la kijiji, mahojiano na fundi seremala. Mashine haijui bei ya dagaa ya Jumamosi iliyopita kwenye soko lenu. Anayetaka kuitumia kuelezwa jambo asilolielewa, atumie na aseme, kama anavyosema «nimeelekezwa na dada». Na mwoneshe inavyokosea: iulize kuhusu wilaya yenu au kuhusu mwandishi wa Kiswahili asiyejulikana sana, soma jibu darasani, wao watafute makosa. Watoto hupenda sana zoezi hili, na wanatoka wakijua kwamba lugha laini si ushahidi wa ukweli.

Wanafunzi wanaambiwa pepa zinauzwa Telegram. Niwaambie nini?

Waambie ukweli wote. Nyingi ya pepa hizo ni feki. Matapeli hukusanya maswali ya miaka ya nyuma, hubadilisha tarehe na kuchukua pesa. Kenya polisi wamewakamata waendeshaji wa makundi ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mtoto aliyekesha akikariri pepa feki amepoteza pesa ya mzazi na usiku ambao angepiga msuli.

Na kama ni ya kweli? Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 300 kwa udanganyifu. Anayefutiwa hupoteza masomo yote, hata yale aliyoyafanya kwa jasho lake. Watahini pia hutazama mfanano usio wa kawaida wa majibu: watoto wa chumba kimoja wakikosea swali lilelile kwa kosa lilelile, karatasi zenyewe zinasema.

Kenya walipitia kipindi kigumu zaidi. Kwenye mtihani wao wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2015 walifutiwa matokeo watahiniwa 5,101, na Machi 2016 serikali ikaivunja bodi ya KNEC, baraza lao la mitihani. Wakuu wa shule wakafanywa wasimamizi wa vituo wanaowajibika wao wenyewe, na ziara na siku za maombi za muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Waliopata A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wapo waliosema usahihishaji nao ulibadilika, na mjadala huo una msingi. Hata hivyo mwanafunzi aliyekuwa na A yake halali ya 2015 alilazimika kuishi na shaka ya watu. Hao huwa nawataja kila mara darasani, kwa sababu mwizi wa mtihani hupenda kusema hajamdhuru yeyote.

Uongozi wa shule unataka wanafunzi «wasaidiwe». Mimi ni mwalimu mdogo, nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na anayeliuliza anastahili heshima. Shinikizo ni la kweli: ufaulu unapimwa, wazazi wa shule binafsi wanalipa ada wakitazama jedwali la matokeo, na mkuu anaitwa kujieleza. NECTA iliacha kutangaza shule bora kuanzia Januari 2023, lakini mashindano hayajaisha mitaani.

Usikubali. Kataa mapema, kabla ya wiki ya mtihani, na kataa kwa maneno ya kazi: «Mkuu, kituo kikifutiwa, watoto wote wanaangamia.» Omba upewe vipindi vya ziada vya kuwafundisha walio nyuma, ili usionekane umekataa kusaidia. Tafuta mwenzako mmoja anayefikiri kama wewe. Mtu mmoja ni rahisi kutengwa kuliko wawili. Usimamizi wa mtihani wa Taifa una sheria yake, na anayetoa msaada ndani ya chumba cha mtihani anaweza kupoteza ajira na kushtakiwa.

Kisha tuangalie madogo yetu, ambayo wanafunzi huyaona yote. Mtihani wa ujirani mwema ambao maswali yake yalifundishwa jana yake. Alama za tathmini endelevu zilizojazwa kwa kukisia. Notisi zilizochukuliwa kitabuni bila kutaja kitabu. Mwalimu anayesema «hilo silijui, nitaangalia», na kesho akarudi na jibu na chanzo chake, amefundisha uaminifu kwa dakika mbili.

Kaka wa mwanafunzi wangu anaishi mjini kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa nchi za nje. Nitamwambiaje kwamba ni vibaya?

Usianze kwa kumtukana kaka. Kazi hii imewalisha vijana wengi wasomi, hasa Nairobi, waliokosa ajira baada ya digrii. Mwanafunzi anajua ada yake imetoka wapi.

Mweleze kwamba Australia ilipiga marufuku huduma hizo kwa sheria ya 2020 na Uingereza ikafuata kwa upande wa England mwaka 2022. Kisha mwulize: muuguzi aliyeandikiwa kazi zake zote, ungependa akuchome sindano? Na mwulize jambo ambalo mimi huniuma zaidi: kijana mwenye uwezo wa kuandika hivyo, kwa nini jina lake halionekani popote? Wacha darasa lijadili kinachowalazimu vijana kufika huko. Hakuna haja ya kulazimisha wote wakubaliane.

Nimemkamata mwanafunzi ninayempenda, tena wa kwanza darasani. Nianzie wapi?

Faragha. Usimsimamishe mstarini. Mwoneshe karatasi mbili na umwache aseme. Wanafunzi bora hunakili kwa hofu ya kushuka, na hofu hiyo mara nyingi imepandwa na sisi au nyumbani. Afanye kazi nyingine inayolingana na ile, siku iliyopangwa, mbele yako; alama iwe ya hiyo. Andika tukio kwenye daftari lako na umjulishe mwalimu wa taaluma. Akirudia, mwite mzazi. Na utaratibu uwe huohuo kwa mtoto wa mwenyekiti wa bodi na kwa yule asiye na mtu, maana wanafunzi wanatazama hapo hasa.

Mzazi: nimsaidieje bila kumfanyia?

Mwulize akueleze kazi yake wewe usiyejua somo hilo, ukielewa, ameifanya. Usimpelekee mradi wake kwa kijana wa steshenari aandike na «kuongezea nyama», hata kama majirani wote wanafanya hivyo. Mwandiko wake mbaya ni bora. Akileta alama 38 alizozipata mwenyewe, tafuta pamoja naye swali moja alilolikosa mnaloweza kulifanyia kazi wiki hii. Na ukiona kazi ya mtoto imekuwa nzuri ghafla kupita kawaida, njoo shuleni utuulize kabla hujamsifia au kumgombeza. Siku nyingi huwa amejitahidi kweli, na mwalimu wake anaweza kukuonesha madaftari ya majaribio yaliyomfikisha hapo.